Mlango Usiobishwa Hodi: Kumlinda Mtoto Mtandaoni Katika Nyumba ya Kiislamu

Sura An-Nur, aya ya 58, inawaelekeza waumini kwamba watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kabla ya kuwaingilia wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya swala ya Isha. Aya ya 59 inaongeza kwamba wakishabaleghe waombe ruhusa wakati wote, kama walivyofanya waliowatangulia. Kwa miaka mingi niliisoma kama aya ya adabu za chumbani. Siku hizi, kila nikiifikia, naona simu.

Aya imeweka mlango, saa na umri. Simu ya mtoto huvipuuza vyote vitatu: mtu asiyejulikana huingia bila hodi, usiku wa manane, wala hajali aliyempokea ana miaka minane au ishirini. Kazi ya mzazi ni kuurudisha mlango mahali pake. Mwongozo huu ni wa kufanya hivyo hatua kwa hatua. Sitoi fatwa, pale wanazuoni walipotofautiana nitasema mimi naelemea wapi, nawe una wa kumuuliza.

Hatua ya kwanza: anza na simu yako mwenyewe

Mtoto mdogo hana simu. Ana simu ya mama au ya baba. Kwa hiyo kitu kibaya cha kwanza kukiona huenda kisiwe kwenye tovuti chafu alikokwenda kuchungulia, bali ni video ya ajali yenye maiti iliyotumwa kwenye grupu la ukoo, ikajihifadhi yenyewe kwenye picha zako, kando ya picha za sikukuu. Fungua WhatsApp leo, ingia kwenye mipangilio, zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, kisha zima ile sehemu inayoruhusu picha na video za mazungumzo kuonekana kwenye ghala la picha. Ni dakika mbili tu.

Ukiwa bado humo kwenye mipangilio, ingia sehemu ya faragha na uchague nani anaweza kukuingiza kwenye vikundi. Weka watu ulionao kwenye orodha yako tu. Mtoto akija kupata akaunti yake, hiyo iwe kazi ya kwanza mtakayoifanya pamoja.

Kisha kuna picha za watoto tunazozirusha sisi wenyewe. Mtoto kasoma juzuu nzima kwa kichwa, furaha imetujaa, tunaweka video: jina lake kamili, sare ya shule, kibao cha madrasa nyuma yake, na maelezo kwamba kila Jumamosi yuko hapo. Watu wengi huogopa husuda, na wana haki yao. Mimi naogopa pia yule mgeni ambaye sasa anajua jina la mtoto, umri wake, mahali alipo na saa anayotoka. Ukitaka kushangilia, watumie babu na bibi.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni wazazi kukubaliana. Kanuni anayoiweka baba na kuivunja mama, au kinyume chake, mtoto huijua siku hiyo hiyo. Mshirikisheni na anayebaki na watoto mkitoka, awe bibi, shangazi au dada wa kazi, kwa kuwa simu ya bibi ndiyo ambayo haina ulinzi wowote.

Hatua ya pili: wekeni saa na mahali

Hapa aya imekwisha kutufanyia kazi. Baina ya Isha na Alfajiri, vifaa vyote vyenye intaneti vilale sebuleni, kwenye chaja moja, vya wakubwa vikiwemo. Vyumbani na bafuni, simu yenye kamera haiingii. Watu wanapovua nguo ni faragha, na aya imetumia neno hilo hasa.

Utakutana na hoja moja: "Nahitaji alamu ya Alfajiri." Kijana mwerevu haikosi. Nunua saa ya mezani. Kama huna, wewe ndiye alamu, ukawaamshe kwa mkono wako.

Ipo hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inayoamuru watoto wafundishwe swala wakiwa na miaka saba, na wakifika kumi watenganishwe malazi. Tableti chini ya shuka moja la ndugu wawili, mkubwa akimwonyesha mdogo alichokipata, naiona ni sehemu ya jambo hilo. Mwenye miaka 13 na mwenye miaka 7 wasitazame kitu kimoja kwenye kifaa kimoja bila mtu mzima karibu.

Ramadhani na likizo huvuruga ratiba. Watu hukesha, watoto hukesha nao, na simu hurudi vyumbani. Zungumzeni kabla mwezi haujaandama: saa zitakuwa zipi, na zitarudi lini kama zamani.

Hatua ya tatu: funga milango ya kifaa

Fanya haya kwa mpangilio huu, kwa kuwa kila moja lina tundu linalozibwa na jingine.

Anza na mtandao wa nyumbani. Kila tovuti ina jina na namba, na kifaa chako huuliza mahali fulani namba ya jina hilo kabla hakijaifungua. Huduma hiyo ya kuulizia huitwa DNS. Kampuni ya Cloudflare ilitoa mwaka 2020 huduma ya bure ya familia ambayo hukataa kujibu ikiulizwa tovuti za ngono na zile zenye virusi. Kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya DNS, andika 1.1.1.3, na ya pili 1.0.0.3. Nyumba nzima imepata chujio.

Ila mtoto akizima Wi-Fi na kutumia bando la simu, ametoka nje ya ruta yako. Kwa simu za Android kuanzia toleo la 9, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, uandike family.cloudflare-dns.com. Hiyo humfuata kokote aendako.

Nikueleze na upungufu wake, usije ukalala usingizi wa pono. Chujio hili huzuia tovuti nzima. Halioni kilichomo ndani ya programu. Picha chafu ikitumwa Telegram au ikapita TikTok, DNS haina habari. VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwa njia yake nyingine, huiruka kabisa. Na kijana anayejua anakoingia kwenye mipangilio huiondoa kwa nusu dakika. Ndiyo maana kuna hatua ya pili ya kiufundi.

Kwenye Android, pakua Family Link ya Google kwenye simu yako na uiunganishe na akaunti ya mtoto. Utaweza kukubali au kukataa kila programu anayotaka kuipakua, kuweka saa ya simu kujifunga, na kupanga muda wa kila programu. Hapo ndipo unapozuia VPN: mtoto hapakui usichokikubali. Kwenye iPhone, kazi hiyo hufanywa na Screen Time, iliyokuja na iOS 12, mfumo wa simu hizo, mwaka 2018. Iwekee namba ya siri tofauti na ile ya kufungulia simu, na usiibonyeze mtoto akiwa begani mwako. Watoto hukariri vidole. Humo ndani washa pia ulinzi unaotia ukungu picha za utupu zinazoingia kwenye ujumbe.

Kwa wadogo wa chini ya miaka minane hivi, YouTube ya kawaida usiwape hata kidogo. YouTube Kids ina njia ya mzazi kuchagua mwenyewe chaneli zitakazoonekana, na utafutaji ukazimwa. Chagua njia hiyo. Chaneli kumi ulizozitazama wewe zinamtosha mtoto wa miaka mitano mwaka mzima. Yeye hupenda kurudia kitu kimoja mara arobaini.

Hatua ya nne: miaka 13 si baleghe

Mitandao mingi husema mtoto aruhusiwe akifika miaka 13. Wazazi huidhani ni hukumu ya wataalamu wa malezi. Sivyo. Namba hiyo ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto wa chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Inahusu taarifa za mtoto. Haisemi lolote kama akili yake imekomaa.

Kipimo chetu ni kingine: amebaleghe? Anaswali bila kusukumwa? Akivunja kitu anakuja kusema au anaficha vipande? Mwenye miaka 15 anayeficha vipande bado, na mwenye 13 anayekuja kusema pengine yuko tayari kwa akaunti moja, siyo tano.

Na usimsaidie kuandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa. Kwanza, kinga hupotea: TikTok, kwa mfano, haimpi aliye chini ya miaka 16 ujumbe wa faragha, lakini ukimwandika ana 18 umemfungulia mwenyewe. Pili, kuna kisa alichokisimulia Abdullah bin Amir, kilichomo katika Abu Dawud: mama yake alimwita akiwa mtoto, "Njoo nikupe." Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akamuuliza mama alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Tende moja! Fikiria fomu nzima.

Hatua ya tano: yaliyovaa kanzu ya dini

Hapa ndipo nyumba zetu zinapokuwa wazi kuliko nyingine, kwa sababu ulinzi wetu hushuka tukisikia Bismillahi.

Chukua mwalimu wa Qur'ani wa mtandaoni. Ni neema kubwa kwa aliye mbali na madrasa. Lakini ni mtu mzima, peke yake na mtoto wako, kwa video, mara tatu kwa wiki. Mweke mtoto sebuleni, skrini ikielekea ndani ya chumba, bila vizibo vya masikioni. Akaunti ya darasa iwe ya mzazi na ujumbe wote upitie kwako. Mwalimu hana haja ya namba ya mtoto. Mwulize alisoma kwa nani, na uzungumze na mzazi mwingine anayemtumia. Keti darasani siku usiyotarajiwa, useme tu, "Assalaam alaykum ustadh, leo nami nasikiliza." Mwalimu mwema atafurahi. Atakayekunja uso amekupa jibu lako.

Programu za nyakati za swala na qibla nazo si zote amana. Novemba 2020 vyombo vya habari viliripoti kwamba Muslim Pro, inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu, ilikuwa ikiipa kampuni ya X-Mode data za mahali walipo watumiaji, na kwamba X-Mode iliuza data kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilikanusha kuliuzia jeshi moja kwa moja na ikasema imekata uhusiano na X-Mode. Funzo la kiufundi ni dogo: nyakati za swala hazihitaji kujua mtaa wako. Kataa ruhusa ya mahali, chagua mji kwa mkono. Na uangalie matangazo. Programu ya bure ya adhkari inaweza kumletea mtoto tangazo la kamari katikati ya Ayatul Kursiyy. Tafuta isiyo na matangazo au uilipie.

La tatu ni mashekhe wa video fupi. Kijana anayeanza kuipenda dini yake ni windo zuri kwa anayemwambia kwamba wazazi wake wamepotea, imamu wake mnafiki, na ukweli uko kwenye kikundi cha siri alichotumiwa kiungo. Dalili ni mbili, nazo ni zile zile za mrubuni wa aina yoyote: anamtenga na watu wake, na anamtaka afiche. Mzoeze kijana kuuliza juu ya kila anayemsikiliza: huyu ni nani, alisoma wapi, nani anamjua? Al-Hujurat aya ya 6 inaamuru habari ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi.

Hatua ya sita: gemu

Nitapita haraka. Zima mazungumzo ya sauti na wageni kwenye kila gemu. Weka nenosiri kwenye malipo. Na angalia visanduku vya bahati: mtoto analipa pesa halisi bila kujua atapata nini, huenda takataka, huenda silaha adimu. Mwonyeshe hilo kando ya Al-Maida aya ya 90, iliyokataza kamari, mwache afikiri mwenyewe linafanana na nini. Wangu alijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Hatua ya saba: zungumza naye, na useme unachokitazama

Mtoto ajue kwa maneno mepesi namna mrubuni anavyokuja. Haanzi kwa ubaya. Anaanza kwa sifa, anatoa zawadi ndogo ya gemu, anasikiliza malalamiko juu yako wewe mzazi. Kisha anaomba wahamie kwenye programu nyingine. Kisha, "hii iwe siri yetu." Kisha picha. Mfundishe akariri jibu moja: "Sisi kwetu hatuna siri na wageni," kisha afunge na aje kwako. Mwambie pia kwamba picha ya mwenzake wa umri wake inaweza kuwa ya mwanamume wa miaka hamsini, na kwamba siku hizi uso na sauti hutengenezwa na akili unde.

Wengi huona haya kuzungumza na watoto habari za zinaa na picha za utupu. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama kisa cha kijana aliyemwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, kuomba aruhusiwe kuzini. Watu walimkemea. Mtume akamwita karibu, akamkalisha, akamuuliza: ungependa hilo kwa mama yako? Kwa binti yako? Dada yako? Shangazi yako? Kisha akaweka mkono juu yake na kumwombea. Kijana alikuja na swali baya kuliko yote, hadharani, na akaondoka na dua. Mtoto wako akikuuliza maana ya neno chafu aliloliona, jibu kwa utulivu kiasi cha umri wake. Hajafanya kosa kwa kuuliza.

Sasa suala la upelelezi. Al-Hujurat aya ya 12 inakataza kupelelezana. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Wako wanaosema mzazi afungue simu apendavyo, na wako wanaokataa kabisa. Mimi naelemea hapa: kwa asiyebaleghe, tazama waziwazi, mkiwa mmekaa pamoja. Kwa aliyebaleghe, mwambie kabla kwamba naweza kuomba kuiona simu, na nitaomba mbele yako. Programu za siri zinazonakili kila ujumbe siziweki. Siku akizigundua, na atazigundua, umemfundisha kwamba nyumba hii watu huingia bila hodi.

Hatua ya nane: siku ya tatizo

Niseme kosa langu. Mwanangu alikuwa na miaka tisa alipokuja kunionyesha kitu kibaya kilichomtokea kwenye skrini. Nilishtuka, nikapaza sauti, nikamnyang'anya tableti wiki mbili. Mara ya pili ilipotokea hakuja. Niligundua baada ya miezi, kwa bahati tu. Hakuna chujio ambalo lingenirudishia miezi ile.

Kwa hiyo andaa sentensi yako ya kwanza kabla ya siku hiyo. Yangu sasa ni: "Umefanya vizuri kuniambia, haitakuwa balaa kwako." Kisha nanyamaza, nasikiliza mpaka amalize.

Mtu akiwa anamtishia mtoto kwamba atasambaza picha zake asipolipa au asipotuma nyingine, usilipe. Malipo ya kwanza huita ya pili. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini za ujumbe, jina la akaunti, namba na tarehe, ndipo umzuie. Picha yenyewe ya utupu usiitume kwa yeyote, hata kwa mjomba, hata kama "ushahidi". Katika nchi nyingi kuisambaza ni jinai, na ni kumvunjia sitara mtoto mara ya pili. Ripoti kwenye mtandao husika na kwa polisi. Kwa picha za aliye chini ya miaka 18, ipo huduma ya bure ya Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na walionyanyaswa. Kifaa chako hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, picha hubaki kwako, na mitandao inayoshiriki huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Inapatikana takeitdown.ncmec.org, hata kwa aliye nje ya Marekani.

Akiwa mhusika ni ndugu, jirani au ustadh, utasikia shinikizo la kulimaliza kimyakimya, na watu watakunukulia fadhila za kumsitiri Muislamu. Sitara ni ya mtoto. Anayewinda watoto hasitiriwi, kwa sababu kesho atakuwa kwenye nyumba nyingine. Mwondoe mbele ya mtoto siku hiyo hiyo na uripoti.

Mtoto mwenyewe atauliza, kwa maneno au kwa macho, kama amepata dhambi. Aliyedanganywa au kulazimishwa ameonewa, mwambie hivyo. Asiyebaleghe kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi. Na aliyebaleghe akateleza, mlango wa toba uko wazi, na haimpasi kuusimulia mtaa. Asipolala, asipokula, au akianza kujitenga, mtafutie mshauri nasaha au daktari. Ruqya na dua haviko kinyume na matibabu.

Ukishakuwa na nakala za ushahidi mahali salama, ziondoe kwenye simu yake, ili asizikute siku atakapokuwa akitafuta picha za mpira. Kisha kaa naye, pitieni mipangilio upya, mrudishie simu, nayo ikalale sebuleni baada ya Isha kama kawaida.